Pointi za Simu na Kazi za Nyumbani: Sehemu ya Pili

Katika sehemu ya kwanza tulieleza jinsi programu za simu zinazompa mtoto pointi kwa kazi za nyumbani zinavyoendeshwa. Mzazi huorodhesha kazi kwenye simu, mtoto akishadeki au kuosha vyombo hubonyeza kuonyesha kwamba amemaliza, na mzazi akithibitisha, mtoto huongezewa pointi. Programu ya Chore Wars, iliyoanza mwaka 2007, ilitoa pointi za mchezo tu. GoHenry ya Uingereza na Greenlight ya Marekani zimefika mbali zaidi, kwa kuwa malipo huingia kwenye kadi ya mtoto mwenyewe. Leo tuulize kama njia hii inamfanya mtoto awe msaidizi nyumbani. Kwa maoni yangu haimfanyi hivyo, na mara nyingine humpunguzia moyo wa kusaidia aliokuwa nao tangu awali.

Mbinu yenyewe ni ya zamani kuliko simu. Katika miaka ya 1960, wanasaikolojia Teodoro Ayllon na Nathan Azrin waliwapa tokeni wagonjwa wa akili katika hospitali moja ya jimbo la Illinois, Marekani, kila walipofanya kazi walizopangiwa, na tokeni hizo zilibadilishwa kwa vitu walivyovitaka. Kazi zilifanyika kwa bidii. Lakini malipo yaliposimamishwa kwa majaribio, utendaji ulishuka sana. Watetezi wa programu hutaja ile bidii na kunyamazia kushuka huko, ilhali mzazi anamlea mtoto kwa ajili ya siku ambayo hakutakuwa na wa kumlipa. Mwaka 1973 watafiti Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walikwenda mbele zaidi. Walichagua watoto wa chekechea waliopenda kuchora kwa kalamu za rangi, wakawaahidi baadhi yao cheti chenye nyota ya dhahabu. Wiki moja au mbili baadaye, walioahidiwa na kupewa cheti walichora kwa muda mfupi zaidi kuliko wenzao ambao hawakuahidiwa chochote. Waliopewa cheti bila kukitarajia hawakudhurika. Tatizo, basi, lilikuwa ahadi iliyotangulia kazi, na programu hizi zote zimejengwa juu ya ahadi ya namna hiyo.

Hapa pana hoja nzito ya upande wa pili, na ni haki kuieleza kikamilifu. Kuchora kunafurahisha, kusugua sufuria hakufurahishi. Edward Deci na wenzake, walipochambua tafiti 128 mwaka 1999, waliona kwamba zawadi hupunguza hamu pale tu ambapo kazi inavutia. Kwa kazi ya kuchosha hazikuonyesha madhara hayo. Basi mtoto anapoteza nini akilipwa kwa kufagia uwanja? Jibu ni kwamba kinachomvuta mtoto mdogo kwenye kazi za nyumbani mara nyingi si utamu wa kazi, ni hamu ya kumfaa mtu. Felix Warneken na Michael Tomasello waliliona hili mwaka 2008 kwa watoto wa miezi 20, umri ambao mtoto hata kuzungumza hajakomaa. Watoto hao waliwaokotea watu wazima vitu vilivyowaanguka bila kuahidiwa malipo yoyote. Waliokuwa wakipewa zawadi kwa kila msaada, zawadi zilipokoma walisaidia kidogo kuliko wenzao. Waliosifiwa tu kwa maneno hawakupungukiwa.

Ushahidi mwingine upo hapa kwetu Afrika Mashariki. Katika utafiti wa tamaduni sita ulioongozwa na wanaanthropolojia John na Beatrice Whiting, watoto wa Nyansongo, katika nchi ya Wakisii nchini Kenya, walikuwa miongoni mwa waliojali na kuwahudumia wenzao zaidi, na wale wa mji mmoja wa Marekani walikuwa nyuma yao. Watoto wa Nyansongo walichunga ng'ombe, waliteka maji na kulea wadogo zao. Hawakulipwa, na hata sifa za mdomo zilikuwa adimu, maana wazazi wa Kisii waliogopa kumtia mtoto majivuno. Kilichowaandaa ni kwamba kazi yao ilihitajika kweli: mama alikuwa shambani, na mtoto mchanga asiposhikwa angelia.

Wapo watakaosema kwamba mjini hakuna ng'ombe, na penye dada wa kazi mtoto hana la kufanya. La kufanya lipo, ila mara nyingi tunamfukuza mtoto jikoni akiwa na miaka mitatu kwa sababu anamwaga maji, kisha akifika kumi tunanunua programu ya kumrudisha. Wengine husema malipo hufundisha matumizi ya fedha. Hilo ni somo jema, na posho ya kila wiki isiyofungwa na sahani inalifundisha vilevile. Mzazi aliyekwishaanza kutumia programu asiifute ghafla. Aondoe kwanza pointi kwenye kazi ambazo mtoto alizifanya bure hapo awali, abakishe chache kwa kazi mpya na ngumu, na amweleze mtoto tangu mwanzo zitakoma lini. Na yule wa miaka mitatu anayeng'ang'ania ufagio, tafadhali aachiwe afagie.