Kisanduku kipya: tung'amue kabla ya kununua

Jioni moja hapa Magogoni, jirani yangu, ambaye ni mwalimu, alinijia na swali. Wanawe walikuwa wamemshikilia awanunulie kisanduku kinachounganishwa na runinga ili kuleta filamu na vipindi kwa njia ya intaneti. "Daktari," akaniuliza, "kitanifaa nini, ilhali king'amuzi ninacho na simu ninayo?"

Neno king'amuzi latokana na kung'amua, yaani kulitambua jambo lisilo dhahiri. Kifaa chenyewe tulikipokea kwa shuruti. Mkutano wa Geneva wa mwaka 2006 uliweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa kikomo cha matangazo ya analojia, na katika mvutano wa uhamaji huo, Februari 2015, vituo vya NTV, KTN na Citizen vilitoweka hewani kwa zaidi ya wiki mbili. Mwenye runinga kuukuu hakuwa na hiari: ama anunue king'amuzi, ama abaki na kioo kitupu. Safari hii hatushurutishwi na yeyote; basi na tung'amue kwanza.

Kisanduku hulipiwa mara moja. Kinachokula mfuko ni data. Saa moja ya picha za ubora wa juu yaweza kutumia hata gigabaiti 3. Atazamaye saa mbili kila usiku atamaliza gigabaiti 180 kwa mwezi. Ni mwalimu gani atakayeumudu mzigo huo kwa bando za simu? King'amuzi cha antena hakidai data yoyote ili kutuletea taarifa ya habari.

Isitoshe, runinga nyingi za siku hizi zina YouTube na Netflix ndani yake. Mwenye runinga hiyo akinunua kisanduku, amevaa koti juu ya koti.

Sikatai kwamba wapo kinaowafaa. Mwenye intaneti ya waya nyumbani, anayelipa ada moja kwa mwezi, na ambaye runinga yake ni nzima ila haina uwezo wa mtandao, kisanduku kitamwepushia gharama ya runinga mpya. Ahakikishe tu kwamba ina tundu la HDMI.

Jirani yangu hana waya huo. Hununua bando za siku. Nilimshauri fedha zake aziweke. Wanawe wameninunia tangu siku hiyo, nami siwalaumu. Waya ukifika nyumbani kwao, nitakwenda mwenyewe kumwambia baba yao kwamba sasa hesabu imebadilika.