Mpapai Dume na Mpapai Jike: Siri Iliyomo Katika Mbegu

Mkulima apandaye mbegu za papai hupalilia na kumwagilia maji miezi mitano au sita, ndipo maua yatokeapo na kumwonyesha kama atapata matunda ama amelea miti mitupu. Mbegu hazitofautiani kwa macho, wala miche.

Mipapai ni ya namna tatu. Dume huning'iniza maua madogo katika vikonyo virefu. Jike hutoa maua makubwa karibu na shina, na papai lake ni la mviringo, lakini huhitaji unga wa maua ya mti mwingine. Namna ya tatu ni huntha, ambao ua lake moja lina sehemu za kiume na za kike; huzaa peke yake, na papai lake ni refu.

Mwaka 1938 wataalamu wawili, Hofmeyr wa Afrika Kusini na Storey wa Hawaii, kila mmoja kwa uchunguzi wake, walieleza jinsi hali hiyo inavyorithiwa. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2004 ulionyesha kuwa mpapai una kromosomu za X na Y, yaani nyuzi ndogo sana zichukuazo urithi. Jike lina X mbili. Dume lina X moja na Y moja. Huntha vile vile, ila Y yake ni tofauti kidogo. Mbegu ipatayo Y mbili hufa.

Kwa hiyo jambo kubwa ni kujua mbegu imetoka katika papai gani. Papai la jike lililopata unga wa dume hutoa miche ya kiume na ya kike nusu kwa nusu. Papai la huntha aliyejizalisha hutoa huntha wawili kwa kila jike moja, na dume hakuna kabisa. Mkulima akitia miche mitatu ya namna hii katika kila shimo, kwa wastani ni shimo moja tu katika 27 litakalotoa majike matupu. Maua yakichanua, huacha huntha mmoja na kung'oa mingine, ingawa kung'oa mti wenye afya kwauma.

Wako wanaopigilia dume msumari ili lizae. Kweli, mara moja moja dume huzaa vipapai vidogo vikonyoni, hasa majira yakibadilika, lakini si kazi ya msumari, na Y yake i pale pale. Tena mwenye majike bila huntha asiyafyeke madume yote. Moja kwa majike kumi hivi latosha.