Ukoko unaoua mabirika na hita: Lawama si za muuzaji, ni za maji magumu

BIRIKA la umeme lililonunuliwa juzijuzi tayari limevaa ukoko mweupe ndani. Matundu ya shawa yameziba, maji yanachirizika upande mmoja tu, nayo pasi ya mvuke inatema chembe nyeupe juu ya buibui linalonyooshwa kwa ajili ya harusi. Katika nyumba nyingi za Mombasa, Kilifi na Kwale zinazotegemea visima, malalamiko haya si mageni, na aghalabu lawama humwangukia aliyeuza kifaa. Mara nyingi huwa anaonewa bure.

Sehemu kubwa ya ukanda huo imekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale, ambao kwa kiasi kikubwa ni chokaa. Maji ya mvua hubeba hewa ya kaboni dayoksaidi kutoka angani, na zaidi kutoka udongoni, yakawa asidi hafifu. Yanapopenya ardhini huyeyusha mwamba kidogo kidogo, na yanapofika kisimani huwa yamejaa kalsiamu pamoja na magnesiamu. Hayo ndiyo huitwa maji magumu. Mwamba wa jamii hiyo hiyo ndio uliovuta kiwanda cha saruji hadi Bamburi, ambako kilianza kazi mwaka wa 1954.

Ugumu hupimwa kwa miligramu za kalsiamu kaboneti katika kila lita ya maji. Kwa kipimo kinachotumiwa sana, maji yasiyozidi 60 ni laini, na yanayopita 180 ni magumu mno. Mkazi wa Nairobi anayepata maji ya mfereji kutoka bwawa la Ndakaini hajui adha hii, kwa kuwa maji hayo hutiririka kutoka milima ya Aberdare yenye mawe ya volkano. Akihamia Pwani na birika lake, hushangaa likiharibika.

Kioja kiko katika joto. Sukari huyeyuka upesi zaidi chai ikiwa moto, lakini chokaa hukaidi kanuni hiyo. Maji yanapopashwa moto, kaboni dayoksaidi hutoroka na kalsiamu hurudi kuwa jiwe, na hugandamana hasa penye joto kali kuliko pote, yaani kwenye koili. Ukoko huo hupitisha joto kwa shida mno ukilinganishwa na chuma. Basi koili hujichoma yenyewe ndani ya gamba lake huku maji yakichelewa kupata moto, umeme ukiliwa, hadi siku inapokatika. Katika birika mtu huona hatari ikikua. Katika hita ya bafuni na mashine ya kufulia nguo, hujificha mpaka fundi aitwe.

Watu wengi huchanganya mambo matatu. Maji ya chumvi si lazima yawe magumu, ingawa kisima kilicho karibu na bahari chaweza kuwa na maila yote mawili. Meno ya rangi ya kahawia, yanayoonekana sana Bonde la Ufa, husababishwa na floridi wala si chokaa. Na ugumu wenyewe si sumu: Shirika la Afya Duniani halijauwekea kikomo kwa sababu za kiafya. Hasara ni ya mfuko.

Kupima nyumbani ni rahisi. Maji hutiwa katika chupa safi pamoja na vipande vichache vya sabuni ya mche, kisha hutikiswa kwa nguvu. Yakiwa laini hufanya povu tele. Yakiwa magumu hutoa utando kama maziwa yaliyokatika. Sabuni ya unga hustahimili ugumu zaidi, ndiyo sababu wengi hawagundui tatizo wakati wa kufua.

Chujio la kawaida la mshumaa halisaidii, kwani kalsiamu iliyoyeyuka hupita humo pamoja na maji. Mitambo ya kulainisha maji, inayobadilisha kalsiamu kwa sodiamu, ipo, lakini bei yake inaifaa hoteli kuliko nyumba ya kupanga.

Kwa birika, dawa iko jikoni. Siki na maji kwa vipimo sawa, au maji ya ndimu, huachwa humo nusu saa. Mapovu yanayofoka ni ile hewa iliyotoroka mwanzoni ikitolewa tena ndani ya jiwe. Baadaye birika husuuzwa, huchemshiwa maji mara moja na kumwagwa. Kukwaruza kwa kisu huharibu koili, na siki haipaswi kamwe kukutana na dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini, maana hutoa hewa ya sumu. Shawa ya umeme isiguswe kabla ya kuzima swichi kuu.

Ukoko mwembamba huondoka kwa kipindi kimoja; ulioachwa mwaka mzima hudai vipindi vitatu au vinne, na wakati mwingine hushinda. Ama pasi ya mvuke, maji ya mvua yaliyokingwa baada ya manyunyu ya kwanza kuosha paa, kisha yakachujwa kwa kitambaa safi, yanaitosha.