Kutengeneza Upya Sanduku la Transfa la Land Rover Kuukuu

Mkulima akaaye milimani huitegemea motokaa yake kuliko mtu wa mjini. Buni zilizochumwa asubuhi zapaswa kumenywa siku ile ile, nayo maziwa huchachuka jua likipanda. Vitu hivi havimngoji fundi. Kwa sababu hiyo kipande cha chuma kinacholika polepole chini ya sakafu ya gari chaweza kumtia mwenye shamba hasara kubwa, na pengine kumtia hatarini yeye mwenyewe na watu aliowapakia. Katika karatasi hii tutaeleza kipande kimoja tu, yaani sanduku dogo la gia lililo nyuma ya giaboksi, ambalo mafundi huliita transfa.

Tumechagua transfa ya Land Rover kwa kuwa gari hilo lilikusudiwa wakulima tangu mwanzo. Kampuni ya Rover ya Uingereza ililionyesha kwa watu mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Maneno yetu yahusu magari ya Series II, IIA na III, yaliyotengenezwa tangu mwaka 1958 hata 1985, ambayo mengine bado yapo mashambani.

Kazi ya transfa ni mbili. Ya kwanza, hugawa nguvu ya injini kwa magurudumu ya nyuma, na ya mbele pia yatakiwapo. Ya pili, humpa dereva mwendo wa kawaida au mwendo wa nguvu. Katika Series III, ukiwa katika mwendo wa nguvu, shafti itokayo giaboksi huzunguka mara 2.35 ili propela izunguke mara moja. Katika magari ya mwanzo ilikuwa mara 2.888. Kumbuka hesabu hizo utakapokwenda kununua gia iliyotumika, maana gia za namna moja hazipatani na za namna nyingine, ijapokuwa kwa macho zafanana.

Mkono wenye kirungu chekundu ndio unaobadili mwendo. Usiurudishe nyuma, kutia mwendo wa nguvu, ila gari limesimama kabisa. Mkono wenye kirungu cha manjano hushindiliwa chini ili magurudumu ya mbele yavute katika mwendo wa kawaida. Ukitaka kuyaachisha, simamisha gari, tia mwendo wa nguvu, kisha rudisha mwendo wa kawaida, na kirungu cha manjano kitainuka chenyewe. Dereva wengi hukishindilia mvua za kwanza zinyeshapo wakakisahau hata kiangazi. Transfa hii haina kitu cha kulegeza tofauti kati ya mbele na nyuma. Basi juu ya bara bara kavu shafti na gia hujisokota bure, na tairi huliwa pamoja nazo. Tairi za kimo mbalimbali huleta madhara hayo hayo.

Utajuaje ya kuwa transfa imechakaa? Mlio peke yake si ushahidi wa kutosha, kwa kuwa gia za sanduku hili hulia kidogo hata zikiwa mpya. Lakini mlio ukizidi mwezi hata mwezi, nao wasikika katika gia zote za giaboksi, hata ya nne, shaka ni juu ya transfa. Dalili iliyo mbaya zaidi ni mkono mwekundu kuruka wenyewe gari literemkapo, kwa maana hapo injini haizuii tena magurudumu, na mzigo wote waachiwa breki. Gari la namna hiyo lisipakiwe watu wala mzigo mpaka litengenezwe.

Hata hivyo usikimbilie kufungua. Kwanza lala chini ya gari, ukamate propela kwa mikono miwili na kuitikisa. Kishindo kingi kinachosingiziwa transfa hutoka katika krosi za propela zilizolegea, au katika mipira inayoshikilia injini na giaboksi, na vitu hivyo ni rahisi kuvibadili. Tena pima mafuta ya giaboksi na ya transfa pamoja. Kama giaboksi imepungua na transfa imejaa kupita kiasi, sili iliyo kati yao imekwisha, na mafuta yapita kimya kimya toka moja hata nyingine pasipo tone kuonekana chini.

Sasa tuseme habari ya breki ya mkono, na hapa twaomba msomaji asome polepole. Katika Land Rover hizi breki ya mkono haishiki magurudumu. Hushika dramu iliyo nyuma ya transfa, yaani hushika propela. Sili ya nyuma ya transfa ikivuja, mafuta huingia ndani ya dramu, na gari lililoegeshwa mlimani huteleza. Tena, ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, breki hiyo haizuii kitu: gurudumu lililoinuliwa huzunguka kinyume, na lile lililo chini hujiendea, gari likaanguka juu ya aliye chini yake. Na propela ya nyuma ikifunguliwa, breki ya mkono haina kazi kabisa. Basi, kabla ya kushika spana, peleka gari mahali palipo sawa, zuia magurudumu yote manne kwa mawe makubwa au vipande vya magogo, mbele na nyuma. Usitumie tofali za kuchoma, maana hupasuka ghafula.

Sehemu inayochakaa kwanza ni gia ya kati pamoja na shafti yake, nayo yaweza kutengenezwa giaboksi ikiwa mahali pake. Endesha gari kidogo ili mafuta yapate moto, kisha yamwage katika debe safi na kuyatazama kwenye jua. Unga mwembamba unaong'aa kama rangi ya fedha ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyoshikika kwa vidole ni meno ya gia au beringi iliyovunjika, na hapo yafaa kuwa tayari kwa gharama kubwa zaidi.

Fungua propela ya nyuma, dramu ya breki na sahani yake, kisha kifuniko cha chini cha transfa. Gia ya kati itaonekana. Kabla ya kuitoa, pima kwa fila nafasi iliyopo kati ya gia na washa zake za pembeni. Nafasi itakiwayo ni milimita 0.10 hata 0.20. Ikizidi sana, umeona sababu mojawapo ya mkono kuruka. Shafti hushikwa na kibao kidogo kwa nyuma. Ukiondoa kibao utaona tundu lenye hesi mwishoni mwa shafti, utie bolti humo na kuivuta kwa nyundo ya kuteleza. Mtu mwingine na aishike gia kwa chini, maana ni nzito, nayo huanguka mara shafti itokapo.

Osha kila kitu kwa mafuta ya taa, uyakaushe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Itazame shafti pale beringi za sindano zilipokuwa zikizunguka. Ikiwa na mashimo madogo, mifereji, au rangi ya buluu iletwayo na moto wa kukosa mafuta, itupe. Shafti, beringi na washa hununuliwa kwa pamoja. Kutia beringi mpya juu ya shafti iliyolika ni kutupa fedha. Gia yenyewe hudumu sana. Meno yakiwa laini, hayakumeguka, irudishe. Wengine huyapiga tupa meno yaliyomeguka, nasi hatukubali, kwa sababu ugumu wa chuma hicho uko juu tu kama ganda, na tupa huliondoa.

Hapo twaa shafti mpya, uitie katika matundu ya sanduku bila gia, na kuitikisa. Sanduku ni la alumini, nalo hupanuka pale shafti ilipocheza miaka mingi. Ikiwa shafti yacheza, vitu vipya havitafaa neno mpaka mwenye mashine ya kukereza atie bushi. Kipimo hiki huchukua dakika mbili, na mafundi wengi hukiruka.

Katika kurudisha, pake washa grisi zipate kujishika mahali pake, upande wenye shaba ukielekea gia. Washa huuzwa kwa unene mbalimbali. Badili hata fila ikubali kipimo tulichotaja. Tia pete mpya ya mpira katika shafti, la sivyo mafuta yatavuja hapo hapo.

Sili ya nyuma ibadilishwe sasa, maana njia imekwisha funguka. Pitisha ukucha juu ya chuma inapokaa sili: ukihisi mfereji, sili mpya itavuja kama ile ya zamani, na chuma hicho kibadilishwe pia. Viatu vya breki vilivyolowa mafuta havioshwi kwa petroli, hununuliwa vipya.

Beringi kubwa za shafti ya nyuma ni jambo jingine. Zataka kukazwa kwa shimu nyembamba mpaka shafti izunguke kwa uzito kidogo bila kucheza, na aliyekwisha fanya kazi hiyo ndiye afanye. Kama nazo zimekwisha, pamoja na gia zenyewe, viti na sakafu yafaa kuondolewa na giaboksi yote kutolewa kwa juu, kazi iliyo bora kwa karakana kuliko chini ya mwembe.

Jaza mafuta ya gia ya EP 90, kiasi cha lita 2.5 katika transfa na lita 1.5 katika giaboksi, gari likiwa sawa, mpaka yatiririke katika tundu la kupimia. Baada ya kilomita 800 hivi yamwage ya transfa na kuyatazama tena juani, kisha utie mapya.