Kompresa Inayozunguka Kinyume Haihitaji Gesi

Kompresa ya skroli hubana gesi ikizunguka upande mmoja tu. Ndani yake mna vyuma viwili vilivyojikunja kama gamba la konokono. Kimoja kimetulia, cha pili huzungushwa ndani yake, na gesi inayonaswa pembezoni husukumwa kuelekea katikati huku nafasi ikizidi kuwa ndogo. Mota ikienda kinyume, nafasi hizo hupanuka, na kompresa hunguruma bila kubana chochote. Kompresa nyingi za pistoni hazijali upande. Ndiyo maana fundi aliyekulia kwenye mashine za zamani anaweza kufanya kazi miaka mingi asikutane na tatizo hili, kisha akakutana nalo na asilitambue.

Upande wa mzunguko huamuliwa na mfuatano wa fezi. Kwenye umeme wa njia tatu, wenye volti 400 kati ya fezi na fezi, waya mbili zozote zikibadilishana nafasi mota hugeuka; zikihamishwa zote tatu kwa zamu, haigeuki. Kwa hiyo kiyoyozi kilichofanya kazi vizuri miaka mitatu kinaweza kugeuzwa mchana mmoja bila mtu kukigusa. Kilichobadilika kiko mbali nacho: transfoma ya mtaa imewekwa nyingine, kebo ya kuingilia imeungwa upya, swichi kuu imefungwa mpya. Mbezi Beach, Dar es Salaam, kuna kitu kingine cha kuangaliwa kwanza, nacho ni jenereta. Misimu ya mgao wa umeme, ya 2006, ya 2011 na ile ya mwishoni mwa 2023, ilizoesha kumbi za sherehe, hoteli na maduka makubwa ya kando ya Barabara ya Bagamoyo kuwa na jenereta zao. Jenereta ikifungwa kwa mfuatano tofauti na wa TANESCO, shirika la umeme, viyoyozi hupoza vizuri mchana kutwa, kisha huanza kupiga kelele dakika ileile umeme unapohamishiwa kwenye jenereta.

Hapo ndipo linapokuja swali lililokwisha kuchosha: gesi imeisha? Gesi ya kiyoyozi haiishi kwa kutumika. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua, pana tundu linalopaswa kutafutwa. Wala haiwezi kupotea pale tu jenereta inapowaka na kurudi yenyewe TANESCO inaporudi. Lakini swali hilo huulizwa, na mtungi hufungwa.

Wanaoufunga hupotoshwa na vipimo walivyovisoma nusunusu. Ampea zikipimwa ziko chini ya zilizoandikwa kwenye kibandiko cha kompresa, na hewa inayotoka ni ya vuguvugu. Ampea ndogo kweli ni dalili ya gesi pungufu, lakini ni dalili pia ya mota isiyo na mzigo. Jibu liko kwenye geji mbili zikisomwa pamoja. Gesi ikiwa pungufu, sindano ya geji ya bluu, ya presha ya chini, hushuka chini ya kawaida mara kompresa inapowaka, na ile nyekundu, ya presha ya juu, hupanda kidogo. Kompresa ikizunguka kinyume, bluu haishuki na nyekundu haipandi. Zote hubaki karibu na pale zilipokuwa mashine imezimwa. Kwa gesi ya R410A kwenye joto la nyuzi 30 hapo ni karibu paundi 260, na kwa R22 karibu paundi 160. Kompresa iliyovunjika ndani nayo huonyesha hivyohivyo, ila kukagua mfuatano ni kazi ya dakika chache, na hakuna sababu ya kuagiza kompresa mpya kabla ya kuifanya.

Hasara ya kuongeza gesi haiishii kwenye bei ya mtungi. Kilo mbili zilizoingizwa hapo ni kilo mbili za ziada. Siku mfuatano unaporekebishwa, presha ya juu hupanda hadi swichi ya usalama ikate, na gesi ikiwa bado majimaji hurudi kwenye kompresa, hupunguza uzito wa oili na kuiosha kwenye beringi. Kompresa iliyonusurika kuzunguka kinyume huuawa na tiba.

Na muda wote gesi inapoongezwa, mzunguko mbaya unaendelea. Mota hupozwa na gesi baridi inayorudi, na gesi isipotembea mota huchemka. Ovalodi ya ndani hukata baada ya dakika chache, hupoa, huruhusu tena. Skroli ndogo huvumilia dakika chache za namna hiyo, lakini ikiachwa iwake na kukata usiku kucha, inaharibika. Kompresa za skrubu, zinazopoza majengo makubwa, zinaweza kuharibika kwa sekunde chache tu.

Baya kuliko yote ni kuiruka rilei ya mfuatano wa fezi kwa makusudi. Mashine nyingi za njia tatu hutoka kiwandani na ulinzi wa mfuatano, hivyo hukataa kuwaka na kuonyesha kodi ya hitilafu. Asiyeelewa hukandamiza kontakta kwa bisibisi au huunga waya kuipita rilei, kisha humwambia mwenye jengo kwamba kadi ilikuwa mbovu. Kadi ilikuwa nzima, na ilikuwa inaiokoa kompresa. Vilinda friji na stabilaiza havisaidii hapa, kwa kuwa hutazama volti, na volti za fezi zilizogeuzwa ni sahihi kabisa.

Ulinzi wenyewe ni rahisi. Rilei ya mfuatano wa fezi huunganishwa na waya zote tatu, na mguso wake huwekwa kwenye njia ya koili ya kontakta: mfuatano ukiwa mbaya, au fezi moja ikikosekana, kontakta haifungi. Ifungwe baada ya swichi ya kubadilishia, la sivyo haitaiona jenereta. Inayotazama volti pungufu pia ni bora, maana hewa ya chumvi ya pwani hula viungio na kushusha volti. Mfuatano upimwe kwa kipimo chake, kwanza kwenye TANESCO, kisha kwenye jenereta. Ukitofautiana, waya mbili zibadilishwe kwenye jenereta, ikiwa imezimwa. Jengo zima likiwa limegeuka, pamoja na pampu na lifti, marekebisho yafanyike kwenye swichi kuu. Kikiwa kiyoyozi kimoja, kwenye kiyoyozi hicho. Feni ya nje isitegemewe kama ushahidi, kwa sababu nyingi ni za fezi moja na huzunguka sawasawa hata kompresa ikiwa kinyume.

Viyoyozi vidogo vya ukutani vya majumbani, vya umeme wa njia moja, havimo katika hatari hii ya mfuatano. Vya inveta navyo upande wa kompresa huamuliwa na kadi yake. Skroli ya njia moja ina udhaifu wake: umeme ukikatika na kurudi chini ya nusu sekunde, presha iliyobaki huweza kuisukuma kinyume na mota ikaendelea hivyohivyo. Kichelewesha cha dakika 3 hadi 5 kinatosha kuizuia.

Kompresa iliyokwisha kuzunguka kinyume iwashwe kwa mfuatano sahihi, kisha ipimwe kwa ampea na geji. Kama bluu inashuka, nyekundu inapanda na kelele imetoweka, iachwe iendelee. Kama gesi ilishaongezwa, ivutwe yote kwanza, kisha ijazwe upya kwa mizani kulingana na uzito ulioandikwa kwenye kibandiko.