Ruta si ya kuning'inizwa kwa waya wake

Tangu mkongo wa TEAMS ulipofika Mombasa mwaka 2009, intaneti imetoka maofisini ikaingia majumbani. Leo ukipita Mtopanga, Mlaleo au Kiembeni utaona nyaya nyembamba za faiba zikitoka kwenye nguzo hadi madirishani. Shida huanzia ndani ya nyumba. Ruta utaikuta juu ya friji, sakafuni karibu na ndoo ya maji, au imebandikwa kwa gundi kwenye ukuta wa chokaa, ambayo hubanduka pamoja na rangi.

Mimi ni mkaazi wa Kisauni na nimewasaidia majirani kadhaa kufunga ruta zao ukutani. Kazi yenyewe ni ya nusu saa, lakini ina mambo manne ambayo mtu akiyapuuza anaweza kuchoma kifaa au kupigwa na umeme.

La kwanza ni mahali. Chagua ukuta wa katikati ya nyumba, kimo cha mita moja na nusu hadi mbili, ambapo mtoto hafiki. Epuka jikoni na dirisha linalopigwa na mvua ya kusi. Usiipandishe hadi chini ya mabati kama nyumba haina dari. Ruta nyingi zimetengenezwa zifanye kazi kwenye joto lisilozidi nyuzi 40, na mchana wa Februari pale juu ni tanuri. Acha nafasi pande zote ipate hewa, wala usiifunike kitambaa.

La pili ni umeme. Waya uliozikwa ukutani kwa kawaida hupanda au hushuka wima kutoka kwenye soketi au swichi, au huenda ubavuni. Kwa hivyo usitoboe juu yake, chini yake, wala sambamba nayo. Ila nimeona nyumba za kupanga ambazo fundi alipitisha waya mshazari ili aokoe mita chache. Ndiyo maana nasisitiza: zima meinswichi, pima soketi kwa testa, kisha tumia drili ya betri. Volti 240 hazina msamaha.

La tatu ni ukuta wenyewe. Nyumba nyingi za huku zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, ambayo ni laini na yana matundu. Toboa kwa mzunguko tu, bila kugonga, la sivyo tundu litapanuka na skrubu itacheza. Weka karatasi nyuma ya ruta, tia alama kwenye yale matundu mawili ya kutundikia, kisha hamishia alama hizo ukutani. Tundu la milimita 6 pamoja na plagi ya plastiki linatosha. Puliza vumbi litoke, kaza skrubu, uache kichwa chake kitokeze kidogo cha kushikia ruta. Nunua skrubu za chuma kisichoshika kutu, kwani upepo wetu una chumvi. Kama ukuta ni wa udongo na fito, plagi haitashika. Pigilia ubao kwenye nguzo ya ukuta, halafu ufunge ruta kwenye ubao huo.

La nne ni nyaya. Ndani ya faiba mna uzi wa kioo. Ukiukunja, kona isiwe kali kuliko mzingo wa kikombe cha chai, na usiubane kwa msumari. Usichungulie ncha yake, kwa sababu mwanga unaopita humo hauonekani na unaweza kudhuru jicho. Adapta iwe ile iliyokuja na ruta, ichomekwe kwenye soketi iliyo karibu, na waya wake ulegee kidogo. Waya uliokazwa huing'oa plagi kidogo kidogo.

Mtaani kwetu, kuna mafundi wa kampuni moja waliounganisha nyumba, wakaiacha ruta ikining'inia kwa waya, wakaenda zao. Mwenye nyumba alikuwa ameshatia saini. Wewe mpangaji, muombe kwanza mwenye nyumba ruhusa ya kutoboa, kisha mwambie fundi kabla hajafungua begi lake kwamba unataka ruta ifungwe ukutani. Saini uitie ruta ikiwa imeshika, taa zake zinawaka, na hakuna waya unaobeba uzito.