Je, Wajua? Moyo Mzima Haumwagi Damu Yake Yote

Moyo wenye afya ukipiga, chumba chake cha chini cha kushoto husukuma nje asilimia 55 hadi 70 tu ya damu iliyomo. Inayobaki husubiri pigo lijalo. Basi ukiona "EF 60%", yaani asilimia hiyo ya damu inayosukumwa, kwenye majibu ya ekokadiogramu (kipimo cha picha ya moyo), usishtuke. Hizo si alama za mtihani. Msukumo wa moyo wako ni mzuri! Wako wanaorudi nyumbani na huzuni bure, wakidhani wamebakiwa na nusu ya moyo.

Kwa mtu mnene, kipimo cha umeme wa moyo (ECG) nacho huweza kupotosha: mafuta ya kifuani hufifisha umeme huo kabla haujafika kwenye waya za kipimo. Mawimbi yake huweza kutoka mafupi, ingawa moyo wenyewe haujadhoofika.

Mkanda wa presha nao hudanganya. Ukiwa mdogo kwenye mkono mnene, husoma presha ya juu kuliko ilivyo. Omba mkanda mpana, wala usione haya.

Na mazoezi? Ukisimama kwenye maji yanayofika kifuani, maji hubeba zaidi ya nusu ya uzito wako. Magoti hupumzika, moyo unafanya kazi. Kwenye nchi kavu, kipimo ni mdomo wako: tembea kwa kasi inayokuruhusu kuzungumza, lakini si kuimba. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza mwendo. Kifua kikibana au kizunguzungu kikikushika, acha papo hapo, uwahi hospitali.